Miti ya Kusini Ihesabiwe Oktoba

Anayetaka kujua kama Mtwara na Lindi tunaotesha miti au tunapanda tu, asije Aprili. Aje Oktoba. Aprili kila kitu ni kijani. Hata kijiti ukikichomeka ardhini kitakaa wiki mbili kikionekana kizima. Oktoba nyasi zimekauka au zimeshaungua, mchanga wa njiani unachoma nyayo, kisimani foleni ya madumu imeanza kabla ya adhana ya alfajiri, na kando ya uzio wa shule au zahanati kuna mistari ya vijiti vikavu, kila kimoja katika shimo lake, vimenyooka vilevile kama siku vilipopandwa.

Maelezo huwa ni yale yale: ukame. Neno hilo limefunga taarifa nyingi mno. Mimi silikubali, na nadhani aliyekulia huku akitulia kidogo naye hatalikubali, kwa sababu katika mchanga huo huo na chini ya jua hilo hilo tumezungukwa na mamilioni ya miti ambayo hakuna aliyewahi kuibebea ndoo ya maji. Tumezungukwa na mikorosho.

Chukua barabara ya kutoka Mtwara kwenda Nanyamba, Tandahimba na Newala. Ukishafika juu ya uwanda wa Makonde huoni mto. Udongo ni kichanga chenye kina kirefu. Mvua ikinyesha inazama papo hapo. Maji ya kunywa yanasukumwa kwa pampu kutoka mabondeni, na kina mama wa Newala wa miaka ya nyuma waliteremka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani kwa ajili ya maji ya siku moja. Hapo ndipo mkorosho uliposhamiri. Na mkorosho wala si wa kwetu kwa asili: Wareno waliuleta pwani hii kutoka Brazili karne ya 16. Mti mgeni umekaa, na miche ya miti yenyeji tunayoipanda kwa sherehe inakufa. Hilo ndilo swali linalotakiwa kujibiwa kabla ya kusingizia mvua.

Mwulize mzee yeyote wa Tandahimba jinsi mikorosho ya baba yake ilivyopandwa. Hakukuwa na kiriba, ule mfuko wa nailoni wa kuoteshea miche. Shimo liliandaliwa kiangazi, na mvua zilipokwisha kulowesha ardhi zikafukiwa mbegu tatu, baadaye ukaachwa mche mmoja wenye nguvu. Mzizi mkuu wa mbegu iliyopandwa pale pale ilipokusudiwa unashuka moja kwa moja, wala haujui kuta za nailoni. Katikati ya miche hiyo palipandwa muhogo, karanga, kunde na mbaazi, na kwa kuwa chakula lazima kipaliliwe, mkorosho ulipaliliwa bila mtu kusema anapalilia mkorosho. Sasa wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wanashauri mita 12 kati ya mti na mti, na nafasi hiyo inampa mkulima misimu kadhaa ya kulima chakula kabla kivuli hakijafunga. Juu ya yote, kila mche ulikuwa na mwenyewe. Akipita asubuhi aliutazama.

Kwa hiyo tunayo tayari, mikononi mwetu, elimu ya kuvusha mche kwenye kiangazi cha kusini. Tumeiweka yote kwenye korosho na kuinyima miti mingine.

Kosa la kwanza na kubwa kuliko yote ni tarehe. Mamlaka ya Hali ya Hewa inazigawa mvua za nchi hii makundi mawili. Kaskazini, pwani ya kaskazini na kanda ya Ziwa wana vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Sisi tuko kwenye mvua za msimu, Novemba hadi Aprili, pamoja na Ruvuma, Dodoma, Singida, Tabora na wengine. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa Tanga au Arusha tarehe hiyo ina maana nzuri: masika ndiyo kwanza yanakolea, mche unapata wiki nane za mvua, na vuli inakuja kuusaidia kabla mwaka haujaisha. Kwetu tarehe 1 Aprili ni mkiani mwa mvua. Mche uliopandwa siku hiyo unapata wiki nne au tano za udongo mbichi, kisha unaachiwa zaidi ya miezi sita ya jua na upepo wa kusi. Mche wa katikati ya Desemba unapata takribani wiki 20.

Wiki hizo 15 za tofauti ndizo maisha ya mche. Kichanga kinakauka kuanzia juu kwenda chini. Kadiri Juni inavyokwenda Julai na Julai kwenda Agosti, unyevu unarudi chini, na mzizi ambao bado uko kwenye kimo cha kiriba unabaki kwenye tabaka lililokauka. Mzizi uliowahi kushuka unakuta maji ya mvua ya Februari yakiwa bado yamehifadhiwa chini. Hakuna dawa, mbolea wala hotuba inayoweza kuufikisha mzizi chini kwa wiki nne.

Jambo hili linaniuma kwa sababu mvua tunazo. Sehemu kubwa ya mikoa yetu miwili hupata milimita 800 na zaidi kwa mwaka, na baadhi ya maeneo hupita 1,000. Dodoma haifiki 600 kwa mwaka wa kawaida. Shida yetu ni kwamba zote zinakuja kwa mkupuo mmoja, kisha mbingu inafungwa. Nchi ya mvua moja inadai upande mapema, na ukikosa mapema huna msimu wa pili wa kusahihisha.

Mtu atasema mvua za kwanza ni za kudanganya, hunyesha Novemba halafu zikakata wiki tatu. Ni kweli, na mkulima wa mahindi anajua hasara yake. Ndiyo maana hapandi kwa mawingu, anapanda kwa udongo. Chimba kwa mkono: ukikuta ubichi mpaka kwenye kiwiko, panda. Ukikuta vumbi chini ya kiganja, subiri mvua nyingine. Kipimo hicho hakihitaji mashine wala bajeti.

Kwa nini basi tunachelewa, ilhali wanaosimamia miti ni watu wa huku huku wanaoona mvua hizi kila mwaka? Ukifuatilia nyuma utaikuta sababu kitaluni. Mche unahitaji miezi mitatu hadi sita kabla ya kwenda shambani, kutegemea aina. Ili uwe tayari Desemba, mbegu isiwe imechelewa kusiwa zaidi ya Julai au Agosti. Hiyo ndiyo miezi ambayo maji ni ghali, na ndiyo miezi ambayo mwaka mpya wa fedha umeanza tarehe 1 Julai lakini fedha yenyewe mara nyingi bado iko safarini. Kitalu kinasubiri. Mvua ikianza Novemba maji yanakuwa bure, mbegu zinasiwa, Machi miche imependeza, Aprili kuna sherehe. Kila ofisi imefuata utaratibu wake, na mche ndio unaolipa.

Dawa yake ni kuviweka vitalu kwenye maji ya kudumu badala ya kuviweka nyuma ya ofisi ya kata. Tunayo mabonde: Ruvuma, Lukuledi, Mbwemkuru, Kitangari. Vitalu vichache vyenye maji Agosti vinafaa kuliko vitalu vingi vinavyosubiri Novemba. Na fedha ya miche ya Desemba iombwe kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaotangulia, ili Julai mbegu na viriba viwe vimeshanunuliwa.

Kwa shule kuna kikwazo kingine: Desemba wanafunzi wako likizo. Lakini shule zinafunguliwa Januari, na Januari kwetu ni moyo wa mvua. Wiki ya pili ya masomo, darasa zima na majembe, bado kuna zaidi ya wiki 14 mbele. Tarehe 1 Aprili tusiifute. Ni siku ya taifa na viongozi wako tayari kutoka maofisini. Huku kwetu iwe siku ya palizi na matandazo. Mgeni rasmi ashike jembe apalilie mche uliopandwa Januari, auwekee nyasi, auache ukiwa umejiandaa kwa kiangazi. Picha itakuwa nzuri vile vile.

Sasa tuje kwenye shimo lenyewe, maana tarehe pekee haitoshi.

Septemba au Oktoba, nenda kwenye mstari wa miche iliyokufa, chagua mmoja, uchimbe taratibu kwa pembeni mpaka utoke wote na mizizi yake. Udongo wa kitaluni bado umeshikana kwa umbo la kiriba, mviringo mrefu uliokauka kabisa, na pembeni yake kuna kichanga ambacho hakuna hata uzi mmoja wa mzizi uliokiingia. Geuza chini. Mizizi imejizungusha mara mbili tatu, imekuwa kama kata ya kubebea ndoo kichwani. Wakati mwingine nailoni yenyewe bado ipo. Aliyepanda alikuwa na miche mia ya kumaliza kabla ya chakula. Mche huo uliishi Aprili na Mei kwa maji ya kwenye kiriba chake. Haukuwahi kuingia katika ardhi ya Mtwara.

Ukishauona mzizi wa namna hiyo huwezi tena kuvumilia kupanda kwa haraka. Kiriba kichanwe upande mmoja mpaka chini na kitolewe chote. Mizizi iliyojikunja chini ikatwe kwa kisu kikali, sentimita moja au mbili za kitako, bila huruma. Inatoa mizizi mipya inayoelekea nje. Mche uliokaa kitaluni mpaka umeota mizizi kupitia kiriba na kuingia ardhini umeshazeeka pale, na ni afadhali kupanda mdogo. Hapa kuna tabia inayotugharimu: tunapenda mche mrefu. Mche wa mita moja unaonekana kwenye picha, lakini una majani mengi yanayopoteza maji na mizizi michache ya kuyaleta. Mche wa sentimita 30 au 40, shina nene, uliozoeshwa jua, utaupita ule mrefu kabla ya mwaka wa pili.

Kuzoesha jua nako kunarukwa. Miche inalelewa chini ya makuti, inanyweshwa asubuhi na jioni, majani laini, halafu siku moja inapakiwa kwenye gari la wazi, inapigwa upepo njia nzima na kupandwa saa sita mchana. Wiki nne kabla ya kupanda kivuli kipunguzwe kidogo kidogo, na maji yapunguzwe mpaka mche uanze kuonyesha kiu kidogo ndipo unyweshwe. Majani yanakuwa magumu, na mche unajifunza kutumia kidogo. Siku ya safari ufunikwe, na upandwe jioni au siku ya mawingu.

Shimo la sentimita 60 kila upande ni zuri ukiweza. Udongo wa juu, ule mweusi kidogo, uwekwe peke yake, uchanganywe na samadi iliyooza vizuri au mboji, urudishwe chini ambako mizizi itaufuata. Samadi mbichi inaunguza mizizi na kuita mchwa. Kwenye kichanga chetu mboji ina kazi kubwa kuliko kurutubisha: ndiyo inayoshika maji.

Nimefika kwenye maji, na hapa naomba msomaji afanye hesabu nami, kwa sababu hesabu hii haifanywi siku ya kupanga idadi. Shule imepanda miche 500 Aprili. Tuseme kila mche upewe lita 10 kwa wiki, kiasi ambacho si anasa. Ni lita 5,000, yaani madumu 250 ya lita 20 kila wiki. Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Novemba ni wiki 26, jumla madumu 6,500. Nani atayabeba? Wanafunzi ambao wenyewe wameletewa maji ya kunywa kwa shida? Hata wakiyabeba, Juni wana likizo. Kwa hiyo siku miche 500 inapandwa, kifo cha mingi kinakuwa kimeshaamuliwa. Shule hiyo hiyo ikipanda miche 50 inahitaji madumu 25 kwa wiki, matano kwa siku ya masomo, na ikipanda Januari itahitaji pungufu ya hapo. Idadi ya miche ipimwe kwa maji ya Oktoba, si kwa miche iliyoko kitaluni.

Sasa linganisha na agizo la serikali la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Mtwara ina halmashauri 9, Lindi 6. Zote zikitimiza ni miti milioni 22.5 kila mwaka. Sensa ya 2022 ilitukuta watu milioni 2.8 katika mikoa yote miwili, kwa hiyo ni miti minane kwa kila mtu kila mwaka, pamoja na kitoto cha mgongoni. Ukiipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 inachukua zaidi ya hekta 20,000 kwa mwaka. Hebu tuseme wazi: tungekuwa tumeifanikisha kwa miaka michache tu, msitu huo ungeonekana kutoka barabarani. Lengo la namna hii linamlazimisha afisa misitu kukimbizana na kupanda, na halimwachii siku hata moja ya kutunza, wakati kilichopandwa ndicho kinachoandikwa kwenye taarifa.

Kusini tumeshawahi kuona mipango ya tarakimu kubwa. Kati ya 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilikuja na mpango wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yake. Matrekta yakaja, ikajengwa bandari Mtwara, ikajengwa reli mpaka Nachingwea. Karanga hazikuja. Waliopanga walihesabu ekari kabla ya kuusikiliza udongo na mvua za mahali, na miaka ya 1960 reli yenyewe iling'olewa. Bandari imebaki na ina faida kubwa, lakini hekta za karanga zilibaki kwenye makaratasi.

Kunywesha kuna namna yake. Kikombe kila jioni kinalowesha sentimita chache za juu, na mizizi inapanda juu kufuata maji, mahali ambapo jua litaiua. Lita 10 mara moja kwa wiki, zikimwagwa polepole katika kisahani kilichotengenezwa kuzunguka shina, zinashuka na kuuita mzizi chini. Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyotobolewa tundu dogo kwenye kifuniko, ikakatwa kitako na kusimikwa kichwa chini karibu na mzizi, inafanya kazi hiyo bila msimamizi, na chupa hizo zimejaa mitaroni mwetu. Lakini ninachokitamani zaidi ni chungu. Kina mama wa Kimakonde ni wafinyanzi wa sifa, na chungu cha udongo kisichopakwa rangi kinatoa maji taratibu kwenye kuta zake. Kifukie mpaka shingoni, karibu shubiri moja na nusu kutoka kwenye shina, kijaze, kifunike ili mbu wasizalie humo. Udongo ukikauka unayavuta maji. Ukiwa mbichi unayaacha. Mizizi inakizunguka chungu. Wilaya ikinunua vyungu kwa wafinyanzi wake yenyewe kwa ajili ya miti ya shuleni na zahanati, fedha ya miti inabaki jikoni kwa watu wa pale pale.

Matandazo ni nusu ya umwagiliaji. Nyasi kavu, majani ya mikorosho, maganda ya karanga, chochote, unene wa kiganja, duara la karibu mita moja, ila yasiguse shina. Hofu ya mchwa ni ya kweli, hasa kiangazi kikishika kasi na mchwa wakakosa kingine cha kula. Ndiyo maana nasema acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, nyunyiza majivu hapo, na urudie mvua ikiyachukua. Majani ya mwarobaini yakichanganywa kwenye matandazo husaidia. Mche wenye kiu huliwa kwanza; ulioshiba maji huvumilia zaidi.

Udongo wote wa kusini si mmoja. Nanyumbu, sehemu za Masasi na Nachingwea kuna ardhi nzito inayotiririsha maji, na huko mvua yenyewe inaweza kukamatwa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Tuta la nusu mwezi linalokinga mita nne za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha, limepokea lita 80. Zote hazitamfikia mche, lakini robo yake tu ni dumu zima ambalo hakuna aliyelibeba. Marehemu Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso alikamata mvua kwa vishimo vidogo vyenye samadi na kurudisha msitu kwenye ardhi iliyogeuka sakafu, mahali penye mvua chache kuliko zetu. Kwenye kichanga cha Newala tuta hilo halina faida kubwa kwa kuwa maji hayatiririki. Huko tegemea mboji, matandazo na kuwahi.

Na tegemea mbaazi. Hili sijui kwa nini halimo kwenye kila mwongozo. Mbaazi tunazo tayari, tunazilima mpaka tunazisafirisha nje. Mbaazi za kwetu zinasimama kijani wakati mazao mengine yamekwisha kuvunwa, na zinapukutisha majani yanayorutubisha udongo. Mche wa mkwaju, mkongo au mwembe uliopandwa Januari kati ya mistari ya mbaazi unapata kivuli chepesi Juni na Julai, na unapata jambo kubwa zaidi: mwenye mbaazi hafungulii mbuzi shamba ambalo hajalivuna.

Kuhusu aina ya miti nitasema kidogo. Mwarobaini, mkwaju, mjohoro na mlonge ni ya kuanzia mahali pagumu. Mkwaju na mkongo, kwa mbegu zao kubwa, ni bora kupandwa moja kwa moja shambani kama korosho. Mbegu ya mwarobaini ipandwe ndani ya wiki chache tangu kuokotwa, ikikaa, inakufa.

Mninga unastahili maelezo marefu kidogo, maana wengi wanaung'oa ungali hai. Mche wa mninga hukauka shina lote kiangazi, ukabaki mzizi tu, mvua ikija ukachipua upya. Unaweza kufanya hivyo miaka kadhaa, ukijenga mzizi chini kila mwaka, mpaka siku una akiba ya kutosha ndipo shina linapanda na halirudi tena. Mti ambao mbao zake tunazifahamu sote umeanza hivyo. Kwa hiyo anayekagua Oktoba asihesabu tu kwa macho: akwangue gome la shina karibu na ardhi kwa kucha, akikuta kijani chini yake mche upo, na kwa mninga asubiri Januari kabla ya kuuandika marehemu.

Hapo ndipo wazo la kisiki hai linaposimama. Lindi inaongoza kwa ufuta, na mashamba mengi ya ufuta yanafunguliwa kwa kukata miombo. Visiki vinabaki, na miti ya miombo inachipua sana. Kila chipukizi la kisiki lina mzizi wa mti mzima chini yake, mzizi ambao ulishavuka kiangazi kwa miaka na miaka. Niger walirudisha miti takribani milioni 200 kwenye hekta milioni 5 kwa kuchagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu kwenye kila kisiki na kuyakata mengine, na Dodoma kazi hiyo inaendelea kwa jina hilo hilo la kisiki hai. Hakuna kiriba, hakuna maji, hakuna tarehe ya kukosea. Halmashauri yenye visiki mamilioni inayotafuta fedha za miche inapaswa kwanza kutembelea mashamba yake ya ufuta.

Chipukizi na mche vina adui mmoja mkubwa huku, nao ni moto wa Agosti hadi Oktoba. Kuna anayesafisha shamba, kuna anayewatoa panya mashimoni, kuna anayetafuta majani mabichi kwa mifugo, na upepo wa kusi hauulizi mpaka wa shamba. Mwenye mikorosho anafyeka na kufagia chini ya miti yake mapema kwa sababu moto mmoja unaondoka na mapato ya miaka. Miti ya uzio wa zahanati haina wa kuifagilia. Kijiji cha Kikole wilayani Kilwa kimeonyesha upande wa pili: tangu 2009 kilipokuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza kupata ithibati ya kimataifa ya msitu wao wa asili na kuuza mpingo kwa utaratibu, wanakijiji wana sababu ya kuzima moto.

Ndiyo maana nasema malipo yafuate uhai. Kikundi cha vijana kikilipwa, kilipwe sehemu ndogo Januari baada ya kupanda na sehemu kubwa Novemba baada ya kukagua. Mti wa shule uandikwe jina la mwanafunzi au la jirani mwenye kisima, na matunda yawe yake. Palipo na mifugo, mfugaji awe mmoja wa wanaolipwa, kwa kuwa anayejua njia za mbuzi ni yeye.

Limebaki suala la ardhi, na ndilo gumu. Kwa desturi za pwani, mti wa kudumu ni dai. Mwenye shamba anaweza kukuazima eneo ulime muhogo na ufuta miaka mitano, lakini ukichomeka mwembe anakusimamisha, kwa kuwa kesho utasema eneo ni lako. Wengi wanaolima kwa kuazima ni vijana na kina mama, wale wale wenye nguvu za kutunza miche. Mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Mikorosho imekuwa ikirithishwa na kuwekwa rehani kwa namna hiyo kwa vizazi. Kinachokosekana ni maandishi. Karatasi moja inayosema ardhi ni ya fulani, miti hii 20 ni ya fulani, mavuno yanagawanywa hivi na mwisho wake ni lini, ikisainiwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji kabla ya mvua za Novemba, inatosha kuanzia.